Mzee Gunzi na Koki ya Nyumba ya Matairi

Jumatatu iliyopita nilikuwa nimekaa kwa muuza kahawa, kikombe cha pili mkononi, alipopita mfanyakazi mmoja wa reli ninayefahamiana naye tangu zamani. Alikuwa ametoka Kilosa asubuhi hiyo. Hakukaa. Alisimama na begi lake begani akasema, "Mzee Gunzi hatunaye. Tumemzika Ijumaa." Nikamuuliza aliumwa nini, akasema ni kifua, kilikuwa kinamsumbua tangu masika. Kisha, kama wafanyavyo watu wa Kilosa kila wanapolitaja jina hilo, akatabasamu na kumweleza muuza kahawa ambaye hata hakuuliza: "Ni yule dereva aliyeziba tangi la serikali kwa gunzi la mahindi, halafu akahangaika wiki tatu kutafuta kwa nini maji hayatoki." Muuza kahawa akacheka mpaka birika likatikisika. Mimi nami nikacheka. Yule wa reli akaenda zake, kahawa yangu ikapoa, na mpaka sasa ninapoandika haya sijaelewa kicheko changu kilitoka wapi.

Safu hii haina desturi ya kutaja majina ya watu, na leo sitaivunja. Gunzi halikuwa jina lake. Alibandikwa mchana kweupe pale Kisanga, mbele ya kijiji kizima, likamganda kuliko jina alilopewa na baba yake. Nilikuwepo. Katika gari lile tulikuwa watu watatu: yeye dereva, muuguzi mkunga ambaye kila mtu alimwita Mama Nesi, na mimi, ambaye kazi yangu haikuwa na jina. Nilichota maji, nilipika, nilibeba mizani ya kupimia watoto, nilisukuma gari lilipokwama. Nilikuwa nimeshafika umri wa kuoa na sijaoa, shule niliiacha darasa la tano, na tangu hapo nilikuwa nimepita kwenye mkonge, kwenye reli na kwenye barabara, kila mahali nikikaa mpaka nielewe kazi inafanyikaje, kisha naondoka. Ilikuwa miaka ile ya kuhamia vijijini, watu wanashushwa kutoka milimani na kukusanywa kutoka mabondeni, nyumba zinapangwa mistari, na mtu asiye na kijiji wala mwajiri aliitwa mzururaji. Wazururaji walikuwa wakikamatwa. Mimi nilikuwa mzururaji kamili, ila nilitembea haraka haraka ili nionekane nina ninakokwenda.

Gari lenyewe nililiona mara ya kwanza Mikumi, kando ya barabara kuu. Lilikuwa lori dogo lililojengewa nyumba mgongoni, nyumba ya kweli, yenye dirisha la kioo na pazia la maua. Mtaalamu mmoja wa kigeni alikuwa akiishi humo wakati barabara inatiwa lami. Kazi ilipokwisha akaliacha, na wilaya ikaamua liwe kliniki ya mama na watoto, lizungukie vijiji vipya. Watu waliliita Nyumba ya Matairi. Mimi nilishindwa kupita. Nilisogea mpaka nikabandika pua kwenye kioo, na humo ndani nikaona kitanda, kabati, sinki jeupe, na juu ya sinki koki inayong'aa. Koki, ndani ya gari! Nilikuwa bado nashangaa bomba hilo linatoka mto gani, niliposikia sauti nyuma yangu.

"Wewe! Unachungulia nyumba za watu?"

Nikageuka. Alikuwa mtu mzima, kofia ya kufuma kichwani, mguu mmoja haukunji vizuri. "Shikamoo mzee. Naona nyumba ina matairi."

"Marahaba. Na wewe una miguu, mbona huendi?"

"Maji yanatoka wapi, mzee?"

Akaniangalia kwa muda, kama mtu anayepima debe la mahindi kwa macho. Halafu akaonyesha juu. "Tangi liko kwenye paa. Unajua kupanda ngazi?" Nikasema najua. "Basi panda ulijaze. Mimi goti langu halipandi." Hivyo ndivyo nilivyopata kazi. Sikuandikwa popote. Nilipanda na ndoo, nikashuka na ndoo, na jioni Mama Nesi akanipa sahani ya ugali bila kuuliza mimi ni nani.

Goti lile aliliumiza kijana, alipoanguka kutoka kwenye trekta la mkonge. Lilikanyaga klachi, lilitembea hatua za hapa na hapa, lakini mwendo mrefu na ngazi vilimshinda. Mzaliwa wa Tindiga, kwenye mashamba ya mpunga, alikuwa amekaa nyumbani miaka akiangalia wenzake wakilima, mpaka akajifunza udereva na akapewa gari hili. "Unaona hili?" aliniambia siku ya pili, akipiga bodi kwa kiganja. "Watu wanasema gari la serikali. Kwangu mimi hili ndilo mguu wangu. Wakiniondoa hapa, narudi kukaa." Nakumbuka maneno hayo kwa sababu wakati ule nilidhani ni majivuno ya dereva.

Mama Nesi alitoka upande wa milimani, binti wa shule ya misheni, mwenye sauti ya kwaya na macho yasiyosamehe uchafu. Kila kijiji alianza na somo moja kabla hajagusa mtoto yeyote. Alisimama mlangoni mwa Nyumba ya Matairi, kinamama wamekaa chini, akasema, "Maji ni kama mtoto mchanga. Ukiyaacha wazi, kila mdudu atakuja kuyabusu. Tufanyeje?" Kinamama wakajibu, "Tufunike!" "Mtungi?" "Tufunike!" "Ndoo?" "Tufunike!" Kisha aliingia ndani, akafungua koki, akanawa mikono kwenye maji yanayotiririka huku wote wakitazama mlangoni, maana somo la pili lilikuwa hilo: usinawe kwenye bakuli moja na wenzako, nawa kwenye maji yanayokimbia. Bila koki, somo la pili halikuwepo. Ungeweza kumwagiwa kwa kata, ndiyo, na baadaye tulifanya hivyo, lakini wale kinamama walitembea kutoka mbali kuja kuona koki ndani ya gari, nao walikuwa na haki ya kuiona ikitoa maji. Mimi somo la kwanza lilinikolea kabisa. Nilikuwa naimba "tufunike" hata nikisonga ugali. Nilifunika kila chombo, nikasugua paa, nikafunga mfuniko wa tangi mpaka nati ikalia.

Taabu ilianza Masanze. Asubuhi ya kliniki Mama Nesi alifungua koki, maji yakatoka vizuri kwa muda wa kunawa mkono mmoja, yakapungua, yakawa uzi, koki ikakoroma kama mtu mwenye mafua, ikanyamaza. "Bwana Dereva, maji yamekwisha." Dereva akanipigia kelele nipande nikaangalie. Nikapanda, nikafungua mfuniko, ukanisumbua kidogo kana kwamba kuna kitu kinaushika kwa chini, ukafyonza "fyuuu", ukaachia. Nikachungulia. "Limejaa, mzee! Tele!" Na kabla sijamaliza kusema, nikasikia Mama Nesi akishangilia chini: "Yanatoka!" Nikafunga mfuniko, nikashuka nikiwa shujaa. Kabla watoto watano hawajapimwa, koki ikanyamaza tena.

Naomba msomaji anielewe: hapakuwa na mjinga kati yetu. Dereva alikuwa fundi, na alifanya kila ambacho fundi angefanya. Alifungua koki yote akaitandaza juu ya gazeti, vipande kwa mstari. Akaona washa, kile kipete cha mpira kinachozuia maji, imechakaa, akavua katambuga yake, akakata kipande cha mpira wa tairi kwa wembe, akatengeneza washa mpya iliyokaa kama iliyotoka kiwandani. Akaniambia, "Panda, niambie maji yako kiasi gani." Nikapanda, nikafungua, maji yakatoka kwa nguvu. "Ilikuwa washa," akasema, akafuta mikono. Kesho yake asubuhi, kimya. Akasema ni takataka kwenye bomba. Akalifungua, akaliweka mdomoni akalipuliza mpaka mishipa ya shingo ikasimama, akarudisha. "Panda uongeze ndoo mbili." Nikapanda, nikafungua, maji hayo. "Ilikuwa takataka." Mchana, kimya. Akasema gari limeegeshwa kiubavu, maji yamekimbilia upande mmoja. Tukabeba mawe, tukainua magurudumu ya kushoto. Panda uangalie. Yanatoka. Ilikuwa mteremko. Baada ya saa moja, kimya. Kila ugonjwa ulipona siku ya dawa yake, ukarudi dawa ilipogeuza kisogo. Yeye alichanganyikiwa, Mama Nesi alichanganyikiwa, na mimi niliyekuwa natoa taarifa kutoka juu nilichanganyikiwa kuliko wote, maana kila nikiangalia, tangi lilikuwa zima.

Tulipofika Tindiga, kwao, mambo yakawa mabaya zaidi, kwa sababu pale alikuwa na ndugu, na ndugu ndio wanaoona aibu yako vizuri. Alikuwa na birika lake la kutawadhia, na kila adhuhuri Mama Nesi alikuwa akilijaza kwenye koki, huku wakitaniana kama ilivyokuwa desturi yao. Siku ile koki ikatoa matone matatu. "Bwana Dereva," Mama Nesi akamwita, "koki yako imefunga."

"Imefunga Ramadhani ya nani wakati huu?"

"Sijui. Labda inalipa deni la mwaka jana."

"Basi magharibi itafuturu." Lakini magharibi haikufuturu, na shemeji yake mmoja akasema kwa sauti kwamba gari la wageni lazima lina vitu vyake, huenda mwenyewe aliliacha kwa sababu hiyo hiyo. Wengine wakasema koki inamjua mwenyekiti wa kijiji, kwa kuwa alipokuja kuiangalia ilitoa. Ilitoa kweli. Nilikuwa juu ya paa, nimefungua mfuniko ili nimwonyeshe mwenyekiti maji.

Siku hiyo hiyo ndipo alipofika katibu kutoka wilayani, kijana mwenye kalamu mbili mfukoni, aliyekuwa amesikia kwamba kliniki yake inanawa kwa kata. Kwa umri, dereva angeweza kumzaa. Kijana akashuka kwenye Landrova, akapita watu wote, akasimama mbele ya mzee aliyekuwa amechuchumaa na spana, akasema, "Dereva! Hili gari lina nini?"

Dereva akainua uso taratibu. "Marahaba, mwanangu," akasema.

 Kisha mama mmoja akaziba mdomo kwa kanga, na kicheko kikapasuka kutoka upande wa kinamama kikazunguka mpaka kwa wazee. Katibu masikio yakampata moto. Shikamoo hakuitoa hata hapo. Angeitoa angekuwa ameshindwa mara mbili. Alisema tu, kwa sauti ya chini ambayo niliisikia kwa sababu nilikuwa jirani: "Wiki ijayo naleta wageni Kisanga. Koki isipotoa maji mbele yao, nitajua kwamba hii si hitilafu, ni hujuma. Na mhujumu hatapewa gari." Hujuma ilikuwa neno zito miaka ile. Kitu kikivunjika, alitafutwa aliyekivunja. Hakuna aliyependa kusikia kwamba vitu huvunjika. Jioni Mama Nesi akamwambia, "Ulimi wako huo, Bwana Dereva! Ungeitikia tu 'ndiyo ndugu', ungepungukiwa nini?" Naye akajibu, "Ningepungukiwa na marahaba yangu." Lakini hakucheka. Alikaa ngazi ya mlango akilikanda goti lake.

Siku zilizobaki hakulala usingizi wa kutosha, na wakati wa kuendesha alikuwa akizungumza na koki kama mtu anavyozungumza na mgonjwa. Alibadilisha washa ya tatu. Katambuga yake ikabaki na tundu kubwa kisiginoni, akawa anaingiwa na changarawe. Tulipita Mikumi tukajaza maji, tukajaribu, yakatoka. Tulikuwa tumefungua mfuniko ili kujaza, bila shaka. Tukaingia Kisanga tukiwa na matumaini na mawe manne ya kusawazishia.

Kisanga waliwapikia wageni. Nyuma ya ofisi ya kijiji palikuwa na mafiga matatu na masufuria, na karibu yake ndipo tulipoegesha. Wageni walikuwa sita, na katibu akiwa mbele akawaeleza habari ya maji yanayokimbia kana kwamba ameyabuni yeye. Mama Nesi akafanya somo lake. "Tufunike!" wakajibu kinamama, mimi nami nikajibu. Katibu akasema yeye mwenyewe atafungua koki. Akafungua. Maji yakaja, wageni wakasema "aa!", yakawa uzi, koki ikakoroma mara tatu, ikanyamaza. Katibu akaizungusha mpaka mwisho. Akairudisha. Akaizungusha tena. Kisha akatoka nje akamtazama dereva, na nikaona kwamba hakukasirika, alifurahi. "Ndugu, tafadhali toa ufunguo wa gari," akasema mbele ya watu wote.

Dereva alikuwa na ufunguo mkononi. Lakini hakuwa anamtazama katibu. Alikuwa anatazama mafigani, ambako mama mmoja alikuwa ametoboa debe la mafuta ya kula kwa msumari na kuliinamisha juu ya sufuria. Mafuta yalitoka kwa kugugumia, gubu, gubu, yakakatika. Mwenzake aliyekuwa anakata vitunguu akamwambia bila kuinua kichwa, "Si utoboe na upande wa pili, lipumue." Yule akagonga tundu la pili, na mafuta yakateremka mfululizo, membamba, bila kelele. Nimeona debe likitobolewa hivyo tangu utoto wangu. Wewe pia umeona. Dereva alilitazama kama mtu anayesomewa barua kutoka kwa mtu aliyedhani amekufa.

Akampa katibu ufunguo. Kisha akaenda kwenye ngazi ya gari, akaanza kupanda. Nikakimbia nikasema, "Mzee, niache mimi," akanisukuma kwa kiwiko bila kuniangalia. Alipanda kwa mikono, goti bovu likining'inia, ngazi kwa ngazi. Juu alitambaa mpaka kwenye tangi. Kando ya mfuniko palikuwa na kijibomba kidogo kilichopinda kama mpini wa bakora, mdomo wake ukitazama chini, na mdomo huo ulikuwa umezibwa. Akauzibua. Tangi likavuta pumzi, sote tulisikia, na ndani ya gari koki aliyoiacha katibu wazi ikafoka maji mpaka yakaruka nje ya sinki na kummwagikia mgeni mmoja miguuni.

Sasa niseme kilichokuwa kimeziba. Lilikuwa gunzi la mahindi, limekatwa kwa kipimo, kama tunavyoziba kibuyu. Na gunzi hilo lilikuwa limeviringishwa kitambaa ili libane vizuri: kitambaa cha buluu chenye miraba. Nilikuwa nimevaa shati la buluu lenye miraba, na upindo wake wa nyuma ulikuwa umechanwa. Mimi ndiye niliyeziba. Nililiziba tulipokuwa njiani kwenda Masanze, siku nilipoliona tundu lile nikakumbuka wadudu wanaobusu maji, nikajiona nimeelewa kitu ambacho hata mtaalamu wa kigeni alisahau. Sikumwambia mtu, kwa sababu nani anatangaza kwamba amefunika mtungi? Na katika wiki zote zile za washa na mawe sikulikumbuka gunzi hata mara moja. Nilijua lipo. Sikujua lina uhusiano na koki, kama vile hujui kwamba kofia yako ina uhusiano na njaa. Kila nilipofungua mfuniko nilikuwa nalipa tangi hewa, na hewa ndiyo iliyosukuma maji. Nilipofunga nilikuwa nalinyonga.

Kule juu dereva alikuwa amekaa, mguu umenyooka, mgongo wake umewaelekea wageni. Mimi nilikuwa kwenye ngazi, nikamwona. Alikifungua kile kitambaa kutoka kwenye gunzi, akakitazama, akanitazama, akatazama shati langu. Halafu akakikunja kidogo kidogo, akakitia mfukoni. Ndipo akageuka na gunzi tupu, akalionyesha.

"Ni nini hicho?" akauliza katibu.

"Gunzi, ndugu."

"Nani aliliweka?"

"Niliweka mimi. Niliona tundu, nikaziba, wadudu wasiingie. Nikasahau."

Watu walicheka. Walicheka kwa muda mrefu, kile kicheko kizuri cha watu waliokuwa na hofu, na sauti moja kutoka nyuma ikaita, "Bwana Gunzi, shuka ule!" Katibu naye akacheka, na huenda kicheko hicho ndicho kilichomwokoa dereva, maana mtu anayechekesha hafai kuitwa mhujumu. Hakushitakiwa. Lakini ufunguo haukurudi. Uzembe, wakaandika, na juma lililofuata kijana mwingine akaja kuendesha Nyumba ya Matairi, na mzee akarudishwa Kilosa kulinda lango la bohari, kazi ya kukaa. Hakuna aliyeuliza mtu wa goti lile alipandaje paa kuziba tundu. Mama Nesi, nadhani, alijiuliza. Alinitazama sana shati siku ile, kisha akanipa sindano na uzi bila maneno.

Nilisimama pale kwenye ngazi na mdomo wangu ukiwa mzima. Ningeweza kusema. Nimehesabu mara nyingi maneno ambayo yangetosha, nayo ni machache mno. Sikuyasema, wala sijui kwa nini, na kile ambacho sielewi zaidi ni yeye. Nilimuuliza mara tatu katika maisha yake. Ya kwanza ilikuwa Mikumi, siku tulipoagana. Nikamwambia, mzee, lile gunzi. Akanikatiza: "Nani kakwambia ni lako? Magunzi yote yanafanana." Ya pili ilikuwa Kilosa, miaka baadaye, pale langoni kwake, amezungukwa na majiko ya mafuta na koki mbovu za watu alizokuwa akizitengeneza akilinda. Akasema, "Mimi nilikuwa na kazi ya kunyang'anywa. Wewe ulikuwa na nini? Wangekunyang'anya wewe mwenyewe. Mzururaji, hana barua, hana kijiji, kaziba tangi la serikali! Ungekuwa bado unalima huko walikokupeleka." Nikadhani nimepata jibu. Lakini mwaka juzi nilipita tena nikamuuliza tena, maana jibu lile lilikuwa zuri mno na mimi sikuwa nimelistahili, naye akapiga miayo akasema, "Nilikuwa nimechoka, bwana. Wali ulikuwa umeiva. Nilitaka wale watu wamalize maneno tule." Sijui lipi ni la kweli. Huenda yote. Na kile kitambaa sijui alikipeleka wapi.

Tangu Jumatatu nimekuwa nikiwaza kuhusu tundu lile. Somo la Mama Nesi lilikuwa sahihi. Mtungi lazima ufunikwe. Mimi mwenyewe mpaka leo nafunika. Kosa langu lilikuwa kulipandisha somo hilo juu ya paa bila kuuliza pale pana nini. Na nilipotazama miaka ile nikaona sikuwa peke yangu. Niliona agizo lililofaa bondeni likapelekwa mlimani vilevile lilivyo, nikaona nyumba zikinyooshwa mistari mpaka mahali ambapo wenyeji walijua mto hupita ukikasirika, na waliojua hawakusema, kwa kuwa aliyesema aliulizwa kama anapinga. Tulikuwa na nia njema tele, tangi limejaa, kisha tukashangaa mbona chini hapatoki kitu, tukabadilisha washa, tukambadilisha huyu na yule. Sisemi haya ili nimlaumu yeyote. Ninasema kwa sababu waliojua dawa walikuwa wanakata vitunguu hatua kumi kutoka kwetu, na hakuna aliyewauliza.

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Ya kwangu imekuwa ndefu kweli, lakini imefika mwisho wake kwenye kiti cha muuza kahawa, nikimcheka marehemu kwa kosa langu mwenyewe. Nilichojifunza ni kidogo, nami nakisema nikiwa bado nimechanganyikiwa: koki ikikataa, usianze na koki, panda juu. Na ukikuta kule juu gunzi lako mwenyewe, liseme aliyelibeba angali anasikia. Mimi nimechelewa kwa siku kadhaa tangu azikwe na miaka mingi kabla ya hapo.

Enyi watu wa Kilosa, mnalijua jina alilopewa na baba yake. Mimi safu hii hainiruhusu kuliandika, lakini ninyi mnaweza kulitamka. Mtakapopita pale langoni, au mtakapokwenda kusoma hitima, mwiteni kwa jina hilo. Lile jingine nirudishieni. Gunzi lilikuwa langu.